Piano ya kidijitali ichaguliwe kwa vidole, si kwa wingi wa sauti zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nichangie jambo lililogusiwa hivi karibuni katika safu ya vifaa vya nyumbani, ambamo mwandishi aliwashauri wanaotaka kununua piano ya kidijitali watazame kwanza ina sauti ngapi za ala mbalimbali, ina midundo mingapi ya kusindikizia na kioo chake kina ukubwa gani. Sina ugomvi na mengi aliyoyaeleza, na maelezo yake kuhusu tofauti kati ya piano na kinanda cha kawaida yalikuwa mazuri. Ushauri wenyewe, hata hivyo, ukifuatwa na mtu anayetaka ala moja ya kufanyia mazoezi nyumbani na kupigia mbele ya hadhira, utamfanya atoke dukani na kitu ambacho baada ya muda mfupi kitamzuia kuendelea nyumbani na kumsumbua jukwaani. Mimi hufundisha piano na hupiga jukwaani, na kwa maoni yangu mpangilio unaofaa ni kinyume cha ule alioutoa: mnunuzi aanze na vibonyezo, afuate pedali, kisha atazame matundu ya kutolea sauti kwa waya na uzito wa kubeba, na idadi ya sauti aiache mwisho kabisa. Kuchagua piano kwa wingi wa sauti zake ni sawa na kuchagua jembe kwa rangi ya mpini.

Sababu ya kuanza na vibonyezo imo katika asili ya ala yenyewe. Piano ilipata umbo lake la msingi mjini Florence, Italia, mnamo mwaka 1700 hivi, pale fundi Bartolomeo Cristofori alipobuni utaratibu wa nyundo inayopiga uzi na kurudi nyuma papo hapo, uzi ukaachwa utetemeke wenyewe. Harpsikodi iliyotangulia ilidonoa uzi kwa nguvu ileile bila kujali mpigaji amebonyeza vipi, lakini ala ya Cristofori ilitii mkono, ikalia kwa upole mkono ulipokuwa mwepesi na ikanguruma ulipokuwa mzito. Sehemu kubwa ya kile ambacho mwanafunzi wa piano hujifunza kwa miaka mingi ni namna ya kuiendesha nyundo hiyo kwa kidole ambacho hakiigusi. Katika piano ya kidijitali hakuna uzi wa kupigwa, na nyundo iliyomo, kama imo, imewekwa ili kidole kikutane na uzito unaofanana na ule wa piano halisi, wakati vihisio vinapima kasi ya kibonyezo na kuiarifu kompyuta iliyomo ndani itoe sauti gani na kwa nguvu kiasi gani. Vibonyezo vikiwa vyepesi mno, au vikirudishwa na springi tu, mkono hujifunza tabia ambayo siku ukikutana na piano halisi ukumbini hautaweza kuitumia, na noti za taratibu zitapotea au zitatoka kwa kishindo.

Hapa ndipo maneno yaliyoandikwa kwenye boksi huwapoteza watu. Ala yenye vibonyezo vinavyoelezwa kuwa na uzito wa kiasi kwa kawaida ina springi zilizokazwa zaidi, wala haina nyundo. Anayetaka kujifunza piano atafute ala yenye vibonyezo 88 vya nyundo, 52 vyeupe na 36 vyeusi, na ikiwezekana nyundo hizo ziwe zimepangwa kwa uzito, nzito upande wa besi na nyepesi kadiri unavyopanda upande wa kulia, kwa sababu ndivyo ilivyo ndani ya piano halisi ambamo nyundo za besi ni kubwa kuliko za noti za juu. Wapo wanaouliza kama vibonyezo 73 havitoshi. Kwa mpigaji wa bendi ambaye ana mpiga besi kando yake vinatosha bila shida, na kuna ala nzuri za jukwaani za ukubwa huo, lakini mtu huyohuyo akirudi nyumbani na kufungua kitabu cha muziki wa piano ulioandikwa katika karne ya 19 atafika mahali ambapo mkono unapapasa hewa.

Kupima vibonyezo hakuhitaji utaalamu, kunahitaji subira na hedifoni, kwa kuwa kelele za dukani huficha yale hasa unayotaka kuyasikia. Weka sauti katikati, bonyeza kibonyezo kimoja polepole sana mpaka kifike chini, na ala iliyotengenezwa vizuri itakaa kimya, kama piano halisi inavyokaa kimya nyundo isipopata mwendo wa kutosha kuufikia uzi. Baada ya hapo ongeza mwendo kidogo kidogo mpaka upate sauti ndogo kuliko zote, na ujaribu kuirudia mara kadhaa bila kubadilika. Ala duni itakupa kimya, kisha kishindo, kisha kimya tena, na hakuna mazoezi yatakayoiponya. Mwanafunzi ambaye bado hana mkono wa kutosha aende na mtu anayepiga, akae kwenye hedifoni yeye, na mwenzake abonyeze.

Jaribio la pili ni la kurudia noti moja kwa haraka, vidole viwili vikipokezana kwenye kibonyezo kilekile bila kukiacha kirudi hadi juu. Ala zenye vihisio viwili chini ya kila kibonyezo huhitaji kibonyezo kikaribie kurudi mahali pake ndipo noti itambuliwe upya, ilhali zenye vihisio vitatu huipokea noti mpya kibonyezo kikiwa bado njiani, jambo linalosogea karibu na utaratibu wa piano kubwa ya kulala. Baadhi ya watengenezaji huongeza pia mkwamo mdogo unaosikika kwa kidole karibu na chini, kuiga pale nyundo ya piano kubwa inapoachiwa kabla ya kugusa uzi. Mkwamo huo unapendeza, lakini binafsi nisingelipia zaidi kwa ajili yake peke yake.

Jaribio la tatu ni lile ambalo sijawahi kuliona katika tangazo lolote, nalo ni muhimu kuliko yote mawili niliyokwisha kuyataja. Kibonyezo ni wenzo, na egemeo lake limefichwa nyuma ndani ya mwili wa ala. Katika piano kubwa egemeo hilo liko mbali sana na ukingo wa mbele, hivyo kidole kinachobonyeza ndani kabisa, kati ya vibonyezo vyeusi, bado hukuta uzito unaovumilika. Katika piano ya kidijitali iliyofanywa nyembamba ili ipendeze sebuleni na kubebeka, egemeo limesogezwa mbele kwa lazima, na kadiri kidole kinavyoingia ndani ndivyo kibonyezo kinavyozidi kuwa kizito na kushuka kidogo. Casio PX-S1100, kwa mfano, ina kina cha sentimita 23.2 tu na uzito wa kilo 11.2, mafanikio ya uhandisi ambayo nayapongeza kwa dhati, na bado nitamwambia kila anayeitaka aweke kidole gumba ndani kabisa, apige noti tatu au nne kwa pamoja zenye vibonyezo vyeusi vingi, na aamue mwenyewe kama mkono wake unakubali. Wengine hukubali kwa sababu wepesi wa kubeba ni kitu kikubwa kwao. Wengine, hasa wanaopiga muziki wa zamani wenye vibonyezo vyeusi kila ukurasa, huirudisha mezani mara moja.

Ni vyema pia kujua kwamba kile kitufe kinachoitwa cha wepesi wa mguso hakibadilishi uzito wa kibonyezo hata kidogo. Hubadilisha tu uhusiano kati ya kasi ya kidole na ukubwa wa sauti. Kina msaada kwa mtoto ambaye nguvu zake bado ni ndogo, au kwa mpigaji anayeona ala inapiga kelele mno kwa mkono wake, lakini vibonyezo vibaya havigeuki kuwa vizuri kwa kitufe.

Kuhusu sauti nitasema machache, kwa sababu hapa maendeleo yamekuwa makubwa na hata ala za bei ya chini siku hizi husikika vizuri. Zamani hali haikuwa hivyo. Mwaka 1984 ndipo mvumbuzi Raymond Kurzweil, baada ya mazungumzo yake na mwanamuziki Stevie Wonder, alipotoa kinanda cha K250 kilichowashangaza wengi kwa namna kilivyokaribia sauti ya piano halisi kwa kutumia sauti zilizorekodiwa, na njia hiyo ya kurekodi noti za piano halisi kwa viwango mbalimbali vya nguvu na kuzirudisha kibonyezo kinapoguswa ndiyo inayotumika katika ala nyingi hadi leo. Njia nyingine huisanifu sauti kwa hesabu papo hapo, bila rekodi, kama kampuni ya Roland ilivyofanya katika V-Piano ya mwaka 2009. Mnunuzi asisumbuke sana kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyotumika. Abonyeze noti moja ya besi kwa nguvu, aishikilie, na asikilize mpaka ife. Katika rekodi iliyofupishwa ili kuokoa nafasi atasikia sauti ikianza kujirudia kwa mzunguko, kama mtetemo wa mashine, wakati ambapo piano halisi ingekuwa bado inabadilika rangi kadiri inavyofifia. Apande pia noti moja baada ya nyingine kutoka chini hadi juu, kwani penye mishono kati ya rekodi moja na nyingine sauti hubadilika ghafla.

Kuna tarakimu moja ya sauti inayostahili kutazamwa, nayo ni idadi ya noti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja. Binadamu ana vidole kumi, na wengi huona 64 kuwa zaidi ya kutosha, lakini pedali inapokanyagwa noti zote zilizopigwa huendelea kulia, na noti moja iliyorekodiwa kwa masikio mawili, kushoto na kulia, mara nyingi huhesabiwa kuwa sauti mbili. Ala ikifikia kikomo huikata noti ya zamani zaidi ili kuipisha mpya, na noti hiyo ya zamani mara nyingi ndiyo besi iliyokuwa imeubeba muziki wote. Kwa nyumbani 128 inatosha karibu kila hali, na anayepanga kuchanganya sauti mbili kwa pamoja jukwaani, piano na kundi la fidla kwa mfano, afurahie zaidi akipata 192 au 256.

Pedali ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Ala nyingi za kubebeka huja na kipande kidogo cha mraba cha plastiki ambacho ni swichi tu, hujua kuwasha na kuzima, na huteleza sakafuni mpaka mpigaji akifukuze kwa kisigino. Katika piano halisi mguu hauwashi wala hauzimi. Hushusha na kuinua vizimio vya nyuzi kwa viwango, na mpigaji mzuri hukaa muda mrefu katikati, ambapo sauti inafutika nusu na kubaki nusu. Uliza kama ala inaipokea pedali ya aina hiyo, maana zipo zinazoitambua na zipo ambazo hata ukinunua pedali bora kabisa zitaisoma kama swichi. Ukiunganisha pedali ya kampuni nyingine na kuona inafanya kazi kinyume, noti zikishikiliwa pale mguu unapoinuka, ujue mpangilio wa swichi za kampuni hizo haulingani. Baadhi ya pedali zina kitufe kidogo chini cha kurekebisha jambo hilo, na baadhi ya ala hujirekebisha zenyewe zikiwashwa huku pedali ikiwa imeshachomekwa na mguu haujaigusa.

Matumizi ya nyumbani huonekana kuwa mepesi, lakini yana mitego yake. Watu huichagua piano ya kidijitali kwa sababu ya hedifoni, wakiamini kwamba watapiga usiku kucha bila kumwamsha mtu. Hedifoni huzima spika, hazizimi kishindo cha vidole kwenye vibonyezo, na kishindo hicho hushuka kupitia stendi hadi sakafuni na kumfikia anayeishi chini kama mgongano usio na wimbo. Zulia zito au mkeka wa mpira chini ya stendi husaidia kwa kiasi fulani. Stendi ya miguu iliyopishana, ile rahisi kuliko zote, hutikisika pale muziki unapochemka na huminya magoti ya mtu mrefu, hivyo kwa ala inayokaa mahali pamoja ni bora stendi ya mbao iliyotengenezwa kwa ajili ya ala hiyo, au ile ya chuma yenye miguu minne iliyosimama. Urefu wa kiti una uzito uleule katika jambo hili, kwani kiwiko kinatakiwa kiwe karibu usawa wa vibonyezo, na kiti cha kulia chakula mara chache sana huwa na kimo hicho.

Hapo hapo niseme kuhusu Bluetooth, kwa kuwa matangazo huipamba sana. Ina kazi mbili tofauti ambazo wauzaji huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kupokea muziki kutoka kwenye simu na kuupiga kupitia spika za piano, au kutuma na kupokea taarifa za noti kati ya piano na programu ya mafunzo, na hapo inafaa. Kazi ya pili, ambayo watu huitarajia, ni kupigia piano kwa hedifoni zisizo na waya, na hapo haifai, kwa sababu sauti huchelewa. Ucheleweshaji huo haumkeri anayesikiliza wimbo, lakini anayebonyeza na kusikia baadaye hupoteza mwendo na kuanza kukimbia au kuburuta bila kujua sababu. Hedifoni za waya ndizo za piano.

Nageukia jukwaa, na hapa ndipo ushauri wa safu yenu ulipoacha pengo kubwa zaidi. Ala mbili zinaweza kufanana kabisa mguso na zikawa tofauti kama usiku na mchana mbele ya fundi mitambo, yule anayesimamia sauti ukumbini. Roland FP-10 na Roland FP-30X zina vibonyezo vya aina ileile, na mtu aliyefungwa macho asingeweza kuzitofautisha kwa vidole. FP-10 ina uzito wa kilo 12.3 na spika mbili za wati 6, na tundu lake pekee la kutolea sauti ni lile la hedifoni. FP-30X ina kilo 14.8, spika mbili za wati 11, na matundu mawili rasmi, kushoto na kulia, ya kupeleka sauti kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti. Yamaha P-45, ambayo imewafundisha watu wengi sana na ninaiheshimu, nayo haina tundu rasmi la kutolea sauti zaidi ya la hedifoni. Inawezekana kutumia tundu la hedifoni jukwaani, na wengi hufanya hivyo kila wiki, lakini waya ukishachomekwa spika za ala hunyamaza na mpigaji hubaki akitegemea spika ya jukwaani ambayo huenda haikuwekwa, na kila anapogusa kitufe cha sauti anamharibia fundi mitambo kiwango alichokwisha kukipanga. Anayejua kwamba atapiga mbele ya watu, hata kama ni mara chache, alipe ile tofauti apate matundu rasmi. Ni fedha inayorudi.

Mtu mwenye matundu mawili naye ana jambo la kuzingatia. Mifumo mingi ya sauti kumbini hupeleka kitu kilekile katika spika zote, na rekodi ya piano iliyonaswa kwa maikrofoni mbili, ikiunganishwa kuwa moja bila uangalifu, hupungua mwili na kusikika kama imetoka ndani ya ndoo. Ala nyingi zenye matundu rasmi zina tundu moja, kwa kawaida la kushoto, lililoandikwa kwamba linafaa kwa sauti moja, yaani mono, na waya ukichomekwa hapo pekee ala yenyewe hutoa sauti iliyopangwa kwa matumizi hayo. Baadhi zina hata sauti ya piano iliyorekodiwa kwa sauti moja tangu mwanzo. Hiyo ndiyo ya kuitumia kumbini. Na kama mikisa iko mbali, waya mrefu wa kawaida utaokota mvumo wa umeme njiani, kwa hiyo kisanduku kidogo ambacho mafundi mitambo hukiita DI kiwekwe karibu na piano na kutoka hapo itumike waya ya maikrofoni. Wati 6 au 11 za spika za ndani zinatosha sebule, hazitoshi kando ya ngoma na magitaa, na wala hazikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Uzito unastahili kufikiriwa kwa uaminifu. Kilo 12 dukani ni nyepesi. Kilo hizohizo zikiwa ndani ya begi, pamoja na stendi, pedali, waya na adapta, zikipandishwa ngazi usiku baada ya onyesho, ni habari nyingine. Kawai ES920 ina kilo 17, Roland FP-90X ina kilo 23.6, na zote mbili zina vibonyezo na spika zinazomfanya mpigaji wa nyumbani atabasamu, lakini sijui mtu mmoja anayefurahia kuibeba hiyo ya pili peke yake kila wiki. Urefu nao hauepukiki: ala ya vibonyezo 88 ina takribani mita 1.3, na ni busara kupima gari kabla ya kulipa. Ala za jukwaani halisi, kama Yamaha CP88 yenye kilo 18.6, hazina spika kabisa, hivyo anayeichukua nyumbani ajue kwamba atahitaji hedifoni au spika za pembeni kila anapokaa kufanya mazoezi, na mtoto anayetaka kupiga dakika tano tu kabla ya kwenda shule hatazichomeka.

Ndiyo maana sikubaliani na dhana kwamba ipo ala moja inayofaa nyumbani na jukwaani kwa kipimo sawa. Lazima upande mmoja utawale, na mnunuzi auamue kabla hajaingia dukani. Anayefanya mazoezi kila siku na kupiga mbele ya watu mara mbili au tatu kwa mwaka achague vibonyezo bora anavyoweza kuvimudu, hata kama ala ina kilo 20, na siku ya onyesho aombe msaada wa kubeba au atumie piano iliyopo ukumbini. Anayetoka na ala kila wiki asivuke kilo 15 hivi, apate matundu rasmi, na akubali kwamba mguso utakuwa chini kidogo ya ule anaoutamani. Mwenye uwezo wa kuwa na mbili, nzito ya kukaa na nyepesi ya kutoka, ana bahati, ingawa nimeona wengi wakianza na hiyo nyepesi na kugundua kwamba inawatosha miaka mingi.

Mambo ya kompyuta yanapunguza uzito wa kosa katika upande wa sauti. Tangu mwaka 1983, ulipokubaliwa utaratibu wa MIDI unaoziwezesha ala za kampuni mbalimbali kuzungumza, piano inaweza kutuma taarifa za noti kwa kifaa kingine, na leo waya mmoja wa USB unatosha kuunganisha karibu kila piano ya kidijitali na kompyuta yenye programu kama Pianoteq, ambayo itatoa sauti bora kuliko ile ya ndani. Nguvu ya kila noti katika utaratibu huo hupelekwa kwa namba kutoka 1 hadi 127, na vibonyezo vizuri humwezesha mpigaji kuzitumia nyingi kati ya hizo, wakati vibovu humbakiza katika chache za katikati. Sauti inaweza kubadilishwa miaka mitano baadaye. Vibonyezo ulivyonunua ndivyo utakavyokaa navyo.

Kwa wanaonunua ala iliyokwisha kutumika, ambayo mara nyingi ni uamuzi mzuri, nashauri wapige kila kibonyezo, vyote 88, kwa taratibu, kwa wastani na kwa nguvu. Chini ya vibonyezo kuna vipande vya mpira vyenye migusano ya umeme ambavyo huchakaa au kuingia vumbi, na dalili yake ni noti moja inayolia kwa nguvu kupita kiasi au isiyolia kabisa inapoguswa polepole. Kasoro hiyo hurekebishika kama vipuri vinapatikana, lakini ipunguze bei. Adapta iwe ile ya asili au yenye volti, mkondo na mpangilio wa ncha unaolingana kabisa na ulioandikwa nyuma ya ala, kwa kuwa adapta iliyogeuzwa ncha inaweza kuiua piano kwa sekunde moja.

Neno moja zaidi kuhusu kile kitufe cha maonyesho ambacho muuzaji hukimbilia kukibonyeza mara mteja anapoingia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ule wimbo unaotoka humo ulirekodiwa na mpigaji hodari, haupiti katika vibonyezo unavyotaka kuvinunua, na hautakuambia lolote kuhusu kidole chako. Mwombe kwa heshima auzime.

Ombi langu kwenu wahariri ni kwamba siku mtakapoichambua tena ala ya aina hii, ipewe kwanza mtu anayepiga aishi nayo kwa siku kadhaa, na makala ieleze bayana uzito wake bila stendi, kina cha mwili wake, idadi ya vihisio chini ya kila kibonyezo, kama inaipokea pedali ya viwango au swichi tu, na ina matundu gani ya kutolea sauti. Habari hizo watengenezaji huzichapisha katika vitabu vya maelekezo, isipokuwa ile ya mguso wa kidole kati ya vibonyezo vyeusi, na hiyo ndiyo ambayo wasomaji wenu wangehitaji mwandishi awapimie.

Wenu katika muziki,

Mwalimu wa piano